Nundu Iliyohama

Mjukuu wa Mek Kelsom alizaliwa na kichwa kirefu kama papai. Hospitali ya mjini walimvuta kwa kikombe cha kunyonya, maana mama yake, Suhaili, alisukuma mpaka nguvu zikamwishia, na mtoto mwenyewe hakuwa na haraka, kama babu yake alivyokuwa akiitwa kazini. Kikombe kikamwachia uvimbe mwororo juu ya kichwa, ukiubonyeza kwa kidole unabaki kishimo kama unga uliokandwa. Daktari akasema wasiwe na hofu, hayo ni maji tu ya kubanwa njiani, siku mbili tatu yatanywea yenyewe.

Mek Kelsom alimsikiliza daktari kwa heshima zote na hakumwamini hata kidogo. Yenyewe kivipi, na yeye ana mikono?

Huko kwao Kelantan, Mungu humwumba mtoto na bibi yake humalizia. Alfajiri, baada ya sala, bibi anapaka viganja mafuta ya nazi, anavikinga kwenye makaa mpaka vipate joto, kisha anakibana kichwa cha mtoto pole pole, huku na huku, kiwe mviringo. Pua nayo inavutwa kidogo isije ikalala. Mek Kelsom alikuwa amewamalizia watoto wake wote na wajukuu wote waliotangulia, na akipita sokoni alijua visogo vyake kama mfinyanzi anavyojua vyungu vyake.

Tatizo lilikuwa Suhaili. Binti huyu alisoma, na alichokosa kusoma shuleni alikisoma kwenye simu. Kabla hata hawajatoka hospitali alimshika mama yake mkono, akamwambia, "Mama, huyu hachuliwi kichwa. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Na ukimchua, nachukua mtoto wangu, arobaini yangu naenda kuimalizia kwa mama mkwe."

Hayo hayakuwa maneno ya kuchezea. Mwanamke kuzaa na kwenda kulelewa uzazi kwa mama wa mumewe, ilhali mama yake mzazi yu hai na ana jiko, ni aibu ambayo kijiji kingeila na wali mwaka mzima. Tena mama mkwe mwenyewe ni Wan Zawiyah, ambaye alishafika na sanduku lake siku ya pili, eti kuja kusaidia.

Basi Mek Kelsom alifanya kama afanyavyo mtu mwenye akili: aliahidi mchana, akachua alfajiri. Suhaili alikuwa hoi kitandani, tumbo limefungwa mkaja wa uzazi kama furushi la kusafirishwa, mtoto akinyonya naye anasinzia. Bibi alimchukua mtoto akampeleka penye joto la jikoni. Nani angemuuliza?

Na uvimbe ukaenda. Siku ya tatu asubuhi juu ya kichwa hapakuwa na kitu. Mek Kelsom akajipa sifa zote, japo kimoyomoyo.

Kesho yake alfajiri akavua kofia ya mtoto, akataka kuanza kazi, mkono ukasita. Upande wa kulia, juu ya sikio, palikuwa na nundu. Si ile ya mwanzo. Hii ilikuwa ya mviringo, imevimba kama nusu ya yai la bata lililofukiwa chini ya ngozi. Akaibonyeza kidogo. Haikuacha kishimo. Ilikuwa ngumu kidogo, yenye kunesa, kama embe linaloanza kuiva. Mtoto hakulia, alipiga mwayo tu.

Mek Kelsom akakaa chini kwenye mkeka wa jikoni, mtoto mapajani. Aliona alichokifanya waziwazi, kama mtu aonavyo bakuli alilolivunja. Ule uvimbe haukuondoka. Yeye ndiye aliyeusukuma. Mwenye panya chini ya mkeka akimkanyaga huku, panya hutokea kule. Na sasa panya ametokea upande wa kulia, amekasirika, na kesho kutwa labda yuko kwenye jicho, au ndani ya ubongo.

Akamrudishia mtoto kofia, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

"Mbona kofia tena, Mama?" Suhaili aliuliza, jasho likimtoka yeye mwenyewe. "Joto lote hili."

"Upepo. Unaingia utosini."

Wan Zawiyah, aliyekuwa anamenya vitunguu mlangoni, akacheka puani. "Upepo ni mambo ya ushamba, mkwe. Sisi kwetu watoto wanalala vichwa wazi, na vichwa vyao ni mviringo kama ndimu."

"Nimemwona mwanao Fakhrul," akasema Mek Kelsom. "Ndimu nazijua."

Suhaili alicheka, mkaja ukambana, akaomba wamwache apumzike. Wan Zawiyah naye alicheka, si mtu wa kinyongo. Lakini Mek Kelsom siku hiyo hata samaki wa kuchemsha na pilipili manga hakumwonja chumvi. Alimpikia binti yake, akampa, akasahau kula. Hofu mbili zilimvuta, moja huku nyingine kule: kwamba amemuumiza mtoto, na kwamba Suhaili akijua, atafungasha. Na siku ya kunyoa nywele ilikuwa inakuja. Siku ya saba, mbuzi wawili wa akika wamekwisha nunuliwa, wageni wote na makasi yao watazunguka kichwa kile kimoja. Kofia gani ingeokoa hapo?

Alfajiri iliyofuata alikwenda kumchukua mtoto, akashangaa. Kofia nyeupe aliyomvalisha yeye ilikuwa ndani. Juu yake kulikuwa na nyingine, ya kijani, ya kufumwa, nene ya kuvalia milimani. Mtoto amekuwa mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Mek Kelsom akaanza kuivua, akasikia sauti mlangoni.

"Usimvue, mkwe."

Wan Zawiyah alisimama pale, ushungi umekaa upande.

"Kwa nini nisimvue?"

"Upepo."

"Upepo ni neno langu mimi. Jana si uliniambia ni ushamba?"

Wan Zawiyah akaingia, akafunga mlango wa jikoni, akakaa chini kama aliyekatwa miguu. Machozi yalikuwa yamekwisha fika. "Nimemvunja, mkwe," akasema. "Ile siku uliyokwenda sokoni kutafuta samaki. Nilimwogesha, nikaona upande huu umekaa vibaya, nikasema nimbane kidogo tu. Kidogo tu, Wallahi. Jana namgeuza, naona yai. Nimemharibu mtoto wa watu."

Mek Kelsom alikaribia kusema kwamba na yeye alimchua.

Hapa lazima kweli isemwe: shetani alimletea kiti, naye akakikalia. Aliona mlango umefunguliwa mbele yake, mpana, umefagiliwa. Kama aliyemvunja mtoto ni Wan Zawiyah, basi Suhaili hana pa kuhamia, na yeye Kelsom ni mama mwema aliyetimiza ahadi. Alichohitaji ni kunyamaza tu, na kunyamaza si kusema uongo.

"Pole," akasema, akampa kitambaa. "Mikono huteleza."

"Usimwambie Suhaili."

"Mimi? Mimi ni kaburi."

"Kuna mtu kule Bachok, Pak Leh," Wan Zawiyah akajifuta macho. "Anatoboa. Ng'ombe wakipata majipu anawatoboa yeye. Na watu pia. Sindano moja, uchafu unatoka, siku ya kunyoa hakuna anayejua kitu. Nimempigia, atakuja baada ya alasiri. Wewe umtoe Suhaili, umpeleke akafukizwe majani huko nyuma."

Mek Kelsom alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama yeye, au alitazama taa. "Sindano hiyohiyo ya ng'ombe?"

"Anaichemsha."

Basi akakubali, na moyo wake ukakataa, na wote wawili, yeye na moyo, wakashinda asubuhi nzima hawasemeshani.

Kabla ya adhuhuri pikipiki ya Nesi Haslina ikalia uani. Nesi huyu ndiye apitaye nyumba kwa nyumba kuwaangalia waliojifungua. Mwanamke mfupi, mwenye kicheko, ambaye akiingia nyumbani anavua viatu, soksi, na ukali wa hospitali vyote kwa pamoja. Siku mbili alikuwa hajapita, kwa mafuriko upande wa mto.

Alimvua mtoto nguo, akampeleka dirishani penye mwanga. Akambonyeza puani kwa kidole, akaachia. Akabonyeza kifua, akabonyeza tumbo. Kicheko kikapungua.

"Amepata manjano," akasema. "Yameshuka mpaka tumboni. Ananyonya vizuri?"

"Ananyonya kama ana deni," akasema Suhaili. "Ni mbaya?"

"Wengi wanapata. Nataka nijue tu kwa nini huyu amewahi kushuka nayo hivi."

"Ni manjano ya jikoni," Wan Zawiyah akadakia. "Mama yake jana amekula samaki wa manjano. Nilimwambia."

"Manjano ya jikoni yanaishia kwenye vidole, mama. Hayafiki huku." Nesi akamgeuza mtoto, akamwangalia mgongo, akaangalia mapaja. "Alivutwa kwa kikombe huyu, eti? Nilimwona na uvimbe kichwani siku ya kwanza."

"Ulikwisha," akasema Mek Kelsom haraka. "Uliisha wenyewe."

"Vizuri. Maana nikikuta mtoto ana manjano, natafuta kama kuna damu imevilia mahali. Kama hakuna, namwacha mpaka kesho, nakuja tena. Kama ipo, sisubiri. Leo hii anakwenda kupimwa damu. Manjano yakizidi yanapanda kichwani, na yakipanda hayarudishi yalichokiharibu." Akawatazama mabibi wawili. "Hana jeraha popote? Hajaanguka?"

Wan Zawiyah alitazama dirishani. Huko nje hapakuwa na kitu ila kuku.

Mek Kelsom alisikia ule mlango mpana ukimsubiri. Kesho. Neno moja tu, "hana," na nesi atapanda pikipiki yake, na Pak Leh atakuja na sindano yake ya ng'ombe. Akamtazama mjukuu wake dirishani, uchi, wa manjano kama ndizi, na kofia mbili kichwani.

Akanyanyuka, akazivua zote mbili.

"Kuna nundu," akasema. "Niliifanya mimi."

"Mama," akasema Suhaili.

"Nilimchua. Kila alfajiri tangu tulipotoka hospitali. Ule uvimbe wa juu niliusukuma ukatokea huku. Wan Zawiyah hana kosa, alibana siku moja, tena kwa woga. Mimi nilibana kila siku kwa kujiamini."

Wan Zawiyah aligeuka kutoka kwa kuku wake. "Wewe? Asubuhi nzima umenitazama nikilia, umenipa na kitambaa cha kufutia?"

"Kitambaa kilikuwa safi, mkwe."

"Mabibi," akasema Nesi Haslina, "naomba kimya. Nataka kusikia kwa vidole."

Alimlaza mtoto mapajani. Akaizungusha nundu kwa ncha za vidole, pole pole, kama mtu anayetafuta mshono wa nguo gizani. Akabonyeza katikati, akangoja, akatazama kama kishimo kitabaki. Hakikubaki. Akapapasa kisogo chote, akapapasa nyuma ya masikio, akapapasa shingo. Akatazama midomo ya mtoto, akaweka sikilizo kifuani, akahesabu kimoyomoyo. Suhaili alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Mek Kelsom alikuwa amezishika kofia.

Nesi akaanza kutabasamu.

"Lete mkono wako, bibi. Ule ule wenye makosa. Usibonyeze, pitisha tu." Akampitisha kidole pembeni mwa nundu. "Umeona inaishia hapa? Na hapa? Fuvu la mtoto mchanga ni vipande, havijashikana bado, na kila mfupa umevikwa utando wake, umebana kama ngoma. Alipovutwa, vishipa vidogo vilikatika chini ya utando wa mfupa huu mmoja, damu ikaanza kuvuja. Inavuja kidogo kidogo, ndiyo maana siku ya kwanza hamkuiona. Ikifika kwenye mshono wa mfupa inagota. Haina pa kwenda."

"Na ile ya juu?"

"Ile yalikuwa maji, juu kabisa, chini ya ngozi. Yale hayajali mishono, yanatanda yapendavyo, na yanakwenda zake. Daktari aliwaambia. Maji ni nyumba nyingine, damu ni nyumba nyingine. Moja ilihama mji siku ambayo nyingine imefungua mlango, basi."

"Kwa hiyo sikuisukuma?"

"Ungekuwa na mikono ya tembo usingeisukuma. Ilikwisha anza kabla hujamshika."

Mek Kelsom alikaa chini pale pale alipokuwa, na kwa bahati palikuwa na kiti.

"Lakini msijisahau," nesi akaendelea, na sauti yake haikuwa na mchezo. "Kuchua kukome. Mfupa wa mtoto si chungu. Na nisikilizeni vizuri: hii ingekuwa imevuka mishono, imetanda kichwa kizima, inatepetatepeta mpaka nyuma ya masikio na shingoni, mtoto amepauka na hataki ziwa, nisingekuwa hapa napiga soga. Ile inaua kwa muda mfupi. Mkiona hivyo kwa mtoto yeyote, msitafute kofia, tafuteni gari."

"Na tukiitoa kwa sindano?" Wan Zawiyah akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei tu. "Haiwezi kuisha upesi?"

Nesi Haslina aliacha kufunga begi lake. "Nani ana sindano?"

Sasa mabibi wote wawili walitazama kuku.

"Ukiitoboa unaingiza vijidudu ndani, inatunga usaha," akasema nesi. "Saa hizi ni damu yake mwenyewe, safi, imefungiwa. Itayeyuka, mwili utairudisha, wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Pembeni itakuja kuwa ngumu na katikati itabonyea, mtadhani fuvu limetoboka; halijatoboka. Na hiyo damu inayoyeyuka ndiyo imemtia rangi. Nimepata nilichokuwa natafuta. Mvalisheni, twende hospitali."

Wakati mtoto anavalishwa, Wan Zawiyah alitoka uani na simu. Sauti yake ilisikika mpaka ndani.

"Usije, Pak Leh. Hapana, hajafa. Hapana. Ng'ombe nao wazima, ahsante."

Hospitali walimtoboa mtoto kisigino, wakapima, wakasema kipimo kimepanda ila hakijafika pabaya. Kama wangengoja, kingefika. Wakamlaza chini ya taa za buluu, uchi, amefungwa kitambaa machoni kama tajiri anayeota jua ufukweni. Suhaili alikaa kando yake, anamtoa kumnyonyesha, anamrudisha.

Mek Kelsom alimletea binti yake wali na samaki, akausogeza, akasimama mlangoni pa wodi kama mtu aliyekuja kuuza kitu.

"Uliniahidi, Mama," Suhaili akasema bila kumtazama.

"Niliahidi kwa mdomo. Mikono sikuishirikisha."

Suhaili alijikaza. Bega lilitikisika kidogo, akashika mkaja wake. "Usinichekeshe, naumia."

"Sikuchekeshi. Nakuambia ilivyokuwa." Mek Kelsom akasogea hatua. "Ukitaka kwenda kwa mkwe, nitakubebea sanduku. Ila huko nako..."

"Huko nako atanisubiri huyo na viganja vyake," akasema Suhaili, akimnyooshea kidole Wan Zawiyah aliyekuwa amelala kwenye benchi la varanda, mdomo wazi. "Nitahamia wapi? Nitajipangia chumba na mtoto wa siku tano?" Akavuta sahani. "Kaa, Mama. Na ule na wewe. Nesi amesema umekonda kuliko mimi."

Mek Kelsom alikula. Alikula wali wote uliobaki, akaramba na mchuzi wa samaki kwenye kifuniko.

Kipimo kilianza kushuka siku iliyofuata, kikaendelea kushuka, wakazima taa. Walipomtoa kitambaa machoni mtoto alikuwa amerudia rangi yake, ana alama ya mkunjo puani na hasira za kuamshwa. Nundu ilikuwa pale pale, haina habari.

Kwa ajili ya hayo yote siku ya saba ilikuwa imekwisha pita, kwa hiyo akika ikasogezwa mpaka ya kumi na nne, na mbuzi wawili wakapata wiki ya ziada wasiyoijua. Walialikwa watu wote. Mek Kelsom aliamka na wasiwasi mpya, kwamba mbele ya watu Suhaili atampa mtoto bibi mwingine ampakate, au ampe mumewe, au shangazi yeyote, na hapo kila mwenye macho ataelewa.

Suhaili alitoka chumbani, amepakwa wanja, anatembea kwa uangalifu. Hakuangalia huku wala kule. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipoketi mama yake, akamlaza mtoto mapajani pake, kichwa wazi, nundu juu.

"Mshike vizuri," akasema. "Shika tu."

Wanawake walinyoosha shingo. Jirani mmoja mwenye mdomo mwepesi akauliza, "Kelsom, huyo kafanywa nini kichwani?"

"Damu ya kuzaliwa," Mek Kelsom akajibu kwa sauti ya kufika nyuma. "Iko kwenye mfupa mmoja, haivuki. Itaondoka yenyewe. Na mwenye mikono ya kuchua akae mbali, hata mimi nimekaa mbali."

Imamu akaja na makasi, akasimama juu ya kile kichwa, akasita. "Hapa nikate, au nipite?"

"Kata pembeni, ustadhi. Kishungi kimoja kinatosha."

Akakata pembeni. Nywele zikadondoka kwenye bakuli la maji, wageni wakafuata mmoja mmoja, kila mmoja akizunguka nundu ile kwa adabu kama watu wanaompita mzee aliyelala sebuleni. Mtoto akapewa jina, Uzair, akapiga chafya.

Ilipofika zamu yake, Wan Zawiyah alikata, akaweka makasi, akanyoosha mikono. "Haya, mkwe, nipe na mimi. Umemshika tangu dua ya kwanza."

Mek Kelsom alikuwa anamtazama imamu kwa makini sana, kama mtu asiyesikia vizuri kwa upande ule.